Je, Nilidanganya Madhabahuni?

Masomo: Yohana 9, Marko 8:22–26, Warumi 4:18–21, 2 Wakorintho 12:1–10



Mchungaji aliponiomba niandike ukurasa huu nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali kwa sharti moja, kwamba nisilazimishwe kumalizia kwa ushindi. Akacheka, akasema, "Andika tu, mama." Basi naandika.

Mliokuwa ibadani Jumapili ile mwaka juzi mnakumbuka. Nilitoka upande wa kwaya nikasimama mbele, nikafungua kitambaa shingoni, nikawaonyesha kovu. Nikasema nilikuwa na goita kubwa kama ndimu mbili zilizoshikana, nikapita kisu, na leo niko mzima. Kanisa lililipuka. Ngoma ikapigwa, akina mama wakaja mbele na leso zao, na mimi nikarudi kukaa nikiwa nalia. Hayakuwa machozi ya uongo.

Tena kila nililolisema lilikuwa kweli. Goita ilikuwepo. Daktari aliitoa. Sikufa. Lakini kuna mambo mawili sikuyasema. La kwanza, kila alfajiri nameza kidonge, na nitakimeza mpaka nizikwe. La pili, wiki ile ile nilipokuwa nashuhudia, vidole vyangu vilikuwa na ganzi, midomo inachomachoma kama nimekula pilipili, na mwili una uchovu ambao hata ukilala saa kumi hautoki. Hili la pili sikulisema kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kulisikia.

Sasa swali langu ni hili, na nimeligeuza kichwani kwa miezi mingi: mtu akisema ukweli mtupu mbele za Bwana lakini akaacha nusu nyumbani, amedanganya?

Kabla hatujafika huko, wacha niwaeleze huu mwili, maana wengi huniuliza kwa huruma na wachache huniuliza kwa mashaka. Ile tezi iliyoko shingoni, chini ya koo, ndiyo huamua mwili uende kasi gani. Inatengeneza homoni zinazogusa moyo, tumbo, usingizi, joto la ngozi, hata kumbukumbu. Ikitolewa yote, lazima upewe homoni hiyo kwa kidonge. Kidonge chenyewe ni kidogo sana, lakini kina masharti kama mama mkwe. Kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na usubiri nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai. Vile vidonge vya kalsiamu haviruhusiwi kukikaribia, ni mpaka saa nne zipite. Na nyuma ya tezi kuna vitezi vingine vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyosimamia kalsiamu katika damu. Kisu kikivigusa, au damu isipovifikia vizuri, kalsiamu hushuka, na hapo ndipo ganzi ya vidole na midomo hutokea. Wengine huisha baada ya wiki chache. Wengine hukaa nayo. Na kando ya tezi hupita neva za sauti. Ndiyo maana niliyekuwa nikiimba sauti ya kwanza siku hizi mnanisikia sauti ya pili, na Jumapili nyingine mnaniona jikoni nikipanga vikombe.

Hayo yote yana maelezo. Shida yangu ni yale yasiyo na maelezo. Daktari alinipima damu baada ya wiki sita, akabadilisha kipimo cha dawa, akapima tena. Mara ya tatu akaniambia majibu yako sawa, kalsiamu sawa, homoni sawa. Nilifurahi mpaka nilipofika kivukoni. Mnaijua ile mbio ya kushuka feri Likoni, watu wakipanda mlima wote kwa pamoja kama maji. Wazee walinipita. Mama aliyebeba ndoo ya samaki kichwani alinipita. Nilisimama kando nikishikilia ukuta, na karatasi yangu ya majibu sawa iko mkobani. Mwezi wa saba navaa sweta, Mombasa hii. Nasahau jina la mtoto wa dada yangu. Katikati ya maombi nasahau nilikuwa naomba nini.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba siko peke yangu. Madaktari wenyewe wameandika kwamba kati ya watu mia wanaomeza dawa hii, watano mpaka kumi hivi huendelea kujisikia vibaya hata damu yao ikionyesha sawa, na sababu haijajulikana vizuri. Niliposikia hivyo nililia tena, safari hii kwa nafuu. Si kwamba nilipata dawa. Nilijua tu kwamba sijarukwa na akili.

Maana ugonjwa usio na jina ni mzigo wa aina yake. Mwenye malaria watu humpelekea uji. Mwenye "majibu yako sawa" hupelekewa ushauri. Nimeambiwa nina mawazo mengi. Nimeambiwa ni uvivu umevaa nguo ya ugonjwa. Jirani mmoja, mwema kabisa, alininong'oneza kwamba hilo ni jini na anamjua mtu. Na ndani ya kanisa, wapendwa tusifichane, nimeambiwa kuna dhambi sijaitubu, na kwamba Bwana alikwisha kuniponya, ni mimi ninayeuacha mlango wazi kwa kuutaja ugonjwa. Hata baba watoto, ambaye amenibeba kwa subira, siku moja alichoka akasema, "Lakini daktari si amesema uko sawa?" Sikuwa na jibu. Karatasi ilikuwa upande wake.

Basi nikajifunza kunyamaza. Sisi watu wa pwani tunayo njia nzuri ya kunyamaza, inaitwa salamu. Hujambo? Sijambo. U mzima? Mzima. Hata mtu akiwa kitandani, ataanza na sijambo kwanza, halafu ndipo aseme lakini. Nimeipenda adabu hiyo tangu utotoni. Haimtupii mgeni mzigo mlangoni. Lakini adabu hiyo ina sehemu mbili, sijambo na lakini, na mimi nilikuwa nimeikata ile ya pili. Ushuhuda wangu ulikuwa sijambo isiyo na lakini.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Naandika kwa ruhusa yake, na jina lake sitaliweka.

Kuna dada yetu wa upande wa Mtongwe, naye alitolewa tezi, miaka kadhaa kabla yangu. Siku ile niliposhuhudia alikuwa ameketi safu za nyuma na mtoto mgongoni. Yeye alikuwa akimeza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Aliponiona na kovu kama lake, nikisema niko mzima, na sikutaja dawa yoyote, alijiambia moyoni: kumbe yeye amepokea, mimi ndiye nimebaki kwenye vidonge kwa sababu ya imani ndogo. Alirudi nyumbani akaifunga ile chupa kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya kabati.

Kitu kibaya kuhusu dawa hii ni kwamba haitoki mwilini kwa haraka. Ukiacha leo, kesho hujisikii lolote. Baada ya wiki nzima karibu nusu ya ile uliyomeza bado imo ndani yako. Kwa hiyo wiki ya kwanza dada alikuwa sawa, ya pili akawa sawa, akamshukuru Mungu kwa uponyaji. Akamweleza mamake. Halafu polepole, kama maji yanayopwa bila mtu kuyaona, akaanza kuvimba uso, kulala mchana, kusikia baridi, kuongea kama ulimi umekuwa mzito. Kwake hilo lilikuwa jaribu la adui, kwa hiyo akafunga na kuomba zaidi. Siku waliyomvusha kumpeleka hospitali kisiwani hakujua ni siku gani ya wiki.

Alipona, nashukuru. Lakini nilipoenda kumtazama wodini na kusikia mamake akinieleza chanzo, bila hasira yoyote, akidhani naja kumwombea tu, miguu iliniisha. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa yangu ya vidonge, nikamwonyesha. Hakusema neno. Aliitazama muda mrefu.

Kwa hiyo ninapouliza kama nilidanganya, siulizi swali la darasani.

Nimesikia utetezi wa aina mbili, na wa kwanza nilijipa mwenyewe. Unasema: sikusema neno la uongo, aliyeelewa vibaya ni yeye. Lakini fikirieni neno letu lenyewe, ushuhuda. Anayeutoa ni shahidi. Mahakamani shahidi huapa kusema kweli yote. Ukisema ulimwona mtu akiingia dukani na ukaacha kusema ulimwona pia akilipa, hujaongeza uongo wowote, lakini mtu amefungwa. Sikutaka dada aache dawa, ni kweli. Lakini nilitaka kanisa linione kama ninavyotaka kuonekana, na kidonge kiliharibu picha. Huko ndiko kosa langu lilikoanzia. Nilitaka Bwana atukuzwe, sawa, na mimi nitukuzwe kidogo kando yake.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi na wanaousema ni watu ninaowaheshimu. Wao husema imani hukiri kisichoonekana. Ukiutaja ugonjwa unaukaribisha, ukiutangaza uponyaji unauvuta uje. Mimi siwezi kuudharau usemi huu, nimelelewa nao, na kuna usiku umenishika mkono. Kuna watu hapa kwetu wamesimama kwa maneno hayo tu wakati hakuna kitu kingine cha kusimamia. Lakini soma Warumi 4 taratibu. Ibrahimu hakuambiwa afumbe macho. Aliutazama mwili wake wa karibu miaka mia, akaitazama hali ya Sara, akaona wazi kwamba hapo hapazaliki mtoto, na bado akaamini. Imani yake haikuhitaji kudanganya kuhusu mwili. Nikisema "Bwana anaweza kuniponya", nazungumza juu ya Bwana, na hapo naweza kupaza sauti yote niliyobakiwa nayo. Nikisema "nimepona", nazungumza juu ya mwili wangu, na hapo natakiwa kuwa mwangalifu kama shahidi. Sisi tumezichanganya sentensi hizi mbili, halafu mwenzetu safu ya nyuma anaacha dawa.

Yule kipofu wa Yohana 9 ndiye mwalimu wangu wa ushuhuda. Wakubwa walimbana kwa maswali. Alijibu lile alilolijua, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Majirani walipomuuliza aliyemponya yuko wapi, alisema hajui. Kuhusu kama huyo mtu ni mwenye dhambi, alisema pia hajui. Ni ushuhuda mfupi wenye "sijui" ndani yake, na hakuna aliyeweza kuuvunja.

Wacha nitoke kanisani kidogo. Nchini Uswisi, mjini Bern, kulikuwa na daktari wa upasuaji aliyeitwa Theodor Kocher. Wakati ule watu wengi walikufa wakikatwa goita. Yeye alikuwa na mkono mtulivu na msafi, na wagonjwa wake walitoka hospitali hai. Kwa hesabu ya kawaida hao wote walikuwa wamepona. Lakini akaja kusikia habari za msichana mmoja aliyemtoa tezi yote, kwamba amebadilika, amekuwa mzito na mzubaifu. Kocher akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi awatazame. Kati ya 18 waliotolewa tezi nzima na wakaja, 16 walikuwa wameharibika kwa namna ile ile. Hakulificha. Mwaka 1883 alisimama mbele ya madaktari wenzake akalieleza hadharani, na akaacha kutoa tezi nzima kwa goita ya kawaida. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Na mwaka 1891 huko Uingereza, daktari George Murray alianza kumdunga mama mmoja wa miaka 46, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa, maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama yule aliishi mpaka 1919. Murray alipiga hesabu akaona zimetumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Ninapokunja uso kwa kidonge kimoja cha asubuhi, huwakumbuka kondoo hao.

Lakini ninachotaka mkishike ni kule kuwaita warudi. Sisi kanisani tunaandika waliookoka, tunaandika sadaka, tunaandika waliobatizwa. Aliyeombewa akasema amepona, nani humwita baada ya mwaka mmoja akamuuliza, mwenzetu, ukoje? Hatumuulizi kwa kuwa tunaogopa jibu. Kocher naye angeweza kuogopa, alikuwa na jina la kulinda.

Nilipomaliza haya yote moyoni nilimwendea mchungaji nikamwomba nisimame tena madhabahuni. Nilisimama. Mara hii hakuna ngoma iliyopigwa. Nilisema goita ilitolewa na Mungu alinitunza mezani. Nikasema nameza kidonge kila siku na aliye kama mimi asiache dawa bila daktari wake. Nikasema kuna siku mwili wangu haufanyi kazi, hakuna anayejua kwa nini, na naomba maombi. Kulikuwa na kimya cha ajabu, kimya cha watu wasiojua kama waseme amina. Baadhi walisikitika, najua, na mmoja aliniambia nje kwamba nimemwaibisha Bwana. Nilimwelewa. Lakini wiki ile watu saba walinijia kwa siri. Mmoja ana presha, mmoja ana kisukari, kijana mmoja ana kifafa na amekuwa akimeza dawa chooni ili wenzake wa maombi wasimwone. Saba, wapendwa, kutoka kanisa letu hili dogo la mabati. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulikuwa tumewafundisha watu kuficha.

Siku hizi mzee anayepanga shuhuda huuliza swali moja kabla hujapanda: bado uko kwenye matibabu? Kama ndiyo, litaje. Ni jambo dogo.

Mtaniuliza kama bado naomba kuponywa. Naomba. Paulo aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, mimi nimepita tatu zamani. Kule Bethsaida yule kipofu alipoguswa mara ya kwanza aliulizwa anaona nini, naye hakujifanya. Alisema anaona watu lakini ni kama miti inayotembea. Nusu uponyaji, akautaja kuwa nusu mbele ya Aliyemponya, na hakukemewa kwa imani ndogo. Aliguswa tena. Nafikiri angalisema "naona vizuri" kwa adabu, angalienda nyumbani na miti yake.

Mimi bado niko kwenye miti. Na katika kungoja nimelipenda neno ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulisikiliza. Watu wetu wakimwona mgonjwa hawamwambii pona upesi. Humwambia ugua pole. Umekubaliwa kuugua, wala huambiwi uwe umemaliza kufikia Jumapili. Kitu pekee unachoombewa ni kwamba uende nao polepole, usikuvunje. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo kwa siku saba, wakakaa naye chini bila neno, na zilikuwa siku zao bora. Walipofungua midomo kueleza sababu ndipo walipoharibu.

Simu yangu hulia saa kumi na moja alfajiri. Nikishameza, namtumia ujumbe dada wa Mtongwe: umemeza? Naye hunijibu: nimemeza, u hali gani? Siku nyingi namjibu sijambo. Juzi nilimwandikia kwamba vidole vinauma na sikulala. Ujumbe wake ulirudi kabla sijaweka simu chini. Ugua pole, mamangu. Usipike, nakuja na mbaazi saa nne.